Haki ya Mgonjwa wa Kisiwani



Kila panapozungumzwa tabu za bahari katika matawi yetu, husikika sauti ikisema: "Na watuletee helikopta, basi!" Neno hilo si la mzaha. Aghlabu hulisema mtu aliyekwisha kusimama pwani usiku pamoja na mgonjwa wake, akizitazama taa za ng'ambo, na asiwe na njia ya kuvukia. Sisi hatulidharau neno hilo, wala hatupendi lipite kama yapitavyo makofi ya mkutanoni. Twataka leo kulitia katika mizani, ili tujue ni nini khasa tunachokidai, twamdai nani, na kwa hoja gani. Kwani dai asilolifahamu mwenyewe mwenye kulidai ni jepesi kukataliwa; na lililo baya zaidi, ni jepesi kujibiwa kwa kitu cha maonyesho.

Visiwa vyetu si viwili kama wanavyodhani wageni. Mbali na Unguja na Pemba, wako watu Tumbatu, wako Kojani, wako Fundo, wako Kisiwa Panza na Makoongwe. Hao wote ni raia, wote huhesabiwa siku ya sensa na siku ya kura. Basi na tuwahesabu pia usiku wa maradhi.

Tumchukue mama mmoja wa kisiwa kidogo. Hatumtaji jina, kwa sababu yeye si mmoja. Amejifungua baada ya isha, na damu haikatiki. Mkunga aliye naye anajua lililotokea na anajua kwamba pale alipo hana la kutosha la kufanya. Mama atiwe kitandani, achukuliwe mabegani mpaka pwani. Huko pwani, ikiwa ni bamvua na maji yamekupwa, mashua imekaa juu ya mchanga, na hapana wa kuyaamrisha maji yajae. Atafutwe nahodha, nahodha atafute mafuta, mafuta yatafutiwe fedha. Wavuke. Ng'ambo lisubiriwe gari. Wafike hospitali, na pengine hapo wakaambiwa kwamba damu ya kumwongezea haipo, au mpasuaji hayupo, na kwamba dawa yake iko Unguja. Baina ya Pemba na Unguja upo mkondo wa Nungwi, ambao kila baharia wetu anaujua na hapana anayeufanyia mchezo wakati wa kusi.

Waganga wametufundisha kwamba mwanamke anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa katika muda wa saa mbili tu asipopata matibabu. Saa mbili! Hesabu ninyi wenyewe, ndugu zetu, tangu kitanda mabegani mpaka hospitali. Mama huyu hakuuawa na maradhi yasiyo na dawa. Dawa ipo, na wanaoijua wapo. Kilichomuua ni masafa, na masafa hayo si amri ya Mungu kwa mwanadamu aliyekwisha jaaliwa akili ya kuunda vyombo. Hapo ndipo penye suala letu lote: ni nani mwenye wajibu wa kuyafupisha masafa?

Tusafiri kidogo kwa fikra mpaka kaskazini ya Uingereza, katika visiwa vya Uskoti. Hatuendi huko kwa kustaajabia mali ya wazungu. Twaenda kwa kuwa huko nako ni visiwa, bahari yake ni kali kuliko yetu, na watu wake walikuwa maskini, wavuvi na wakulima wa vijishamba, mbali na macho ya wakubwa. Mnamo mwaka 1912 kamati iliyoongozwa na Sir John Dewar ilitoa ripoti juu ya hali ya matibabu huko. Iliwakuta waganga ni wachache na mafukara, wakisafiri kwa mashua na kwa miguu kumfikia mgonjwa asiyeweza kulipa. Iliwakuta watu wengi wakifa bila ya kuonwa na mganga yeyote. Mwaka uliofuata, 1913, Bunge lilipitisha sheria na kutenga pauni 42,000 kila mwaka kwa ajili ya huduma ya matibabu ya nyanda za juu na visiwa. Mganga alidhaminiwa kipato na akalipiwa gharama za safari, na mgonjwa akatozwa ada ile ile, akikaa karibu au akikaa mbali.

Tafadhalini lizingatieni jambo hilo la mwisho, maana ndilo roho ya maneno yetu ya leo. Sheria ile haikusema kwamba bahari itaondoka. Ilisema kwamba gharama ya bahari haitakuwa juu ya mgongo wa mgonjwa peke yake. Taifa zima lilikubali kuichukua.

Ndege ilikuja baadaye. Tarehe 14 Mei 1933 mvuvi mmoja wa kisiwa cha Islay alishikwa na ugonjwa mkali wa tumbo. Mganga wa kisiwani aliona kwamba safari ya meli na ya barabara mpaka Glasgow itamchukua mtu maiti. Ikaitwa ndege ndogo ya abiria, akalazwa ndani yake, akafika kwa muda kama wa saa moja, akapasuliwa. Tangu siku hiyo ndege za wagonjwa hazikukoma katika visiwa hivyo. Ilipoanza huduma ya afya ya taifa mwaka 1948 ziliingizwa ndani yake, na mgonjwa hatozwi nauli. Kisha zikaja helikopta. Kikosi cha walinzi wa pwani kiliwekewa helikopta ya uokozi Sumburgh, huko Shetland, mwaka 1983, na nyingine Stornoway mwaka 1987. Kazi yao ni kuokoa mabaharia, lakini mara nyingi huitwa pia kuchukua wagonjwa pale vyombo vingine vinaposhindwa.

Sasa hesabuni. Kutoka sheria ya 1913 mpaka ndege ya kwanza ni miaka 20. Kutoka sheria mpaka helikopta ya Sumburgh ni miaka 70. Haki ilitangulia, chombo kikafuata. Aliyeanza kumwona mgonjwa wa kisiwani kuwa ni mtu mwenye haki hakupata tabu kutafuta chombo kila zama zilipobadilika: leo mashua, kesho ndege, kesho kutwa helikopta. Lakini aliyeanza na chombo, akaiacha haki nyuma, chombo kikiharibika hurudi alikokuwa.

Hatutaki kuwadanganya wanachama wetu kwamba helikopta ni dawa ya kila kitu. Ina fadhila zake: haihitaji uwanja mrefu, hutua uwanja wa mpira au pwani iliyosafishwa, husimama hewani na kumvuta mtu majini kwa kamba. Katika kisiwa cha Barra ndege za kawaida hutua juu ya mchanga wa pwani, na ratiba yao hufuata maji kupwa na kujaa. Helikopta hailazimiki kuyangoja maji. Lakini helikopta huchukua watu wachache, hula mafuta mengi, hudai mafundi na marubani wa kudumu, na ukungu na dhoruba huizuia kama vizuiavyo vyombo vingine. Ndani yake ni kelele na mtikisiko, si mahali pa kuzalia. Ndiyo maana huko huko Uskoti mama mwenye dalili za khatari hupelekwa Aberdeen au Glasgow kabla ya kufika siku zake, asingojwe mpaka yamfike ya usiku wa manane.

Wala kazi hiyo si ya mchezo kwa wenye kuifanya. Tarehe 28 Septemba 1957 ndege ya wagonjwa ilianguka Islay katika hali mbaya ya hewa. Wakafa rubani, mtu wa redio, na muuguzi Jean Kennedy, aliyekuwa miongoni mwa wauguzi wa Glasgow waliokuwa wakijitolea kwa safari hizo. Tarehe 19 Novemba 1997 meli Green Lily ilikuwa inapigwa na mawimbi karibu na kisiwa cha Bressay. Boti ya uokozi ilikwisha chukua mabaharia 5. Bill Deacon, wa helikopta ya walinzi wa pwani, aliteremshwa kwa kamba mpaka sitahani, akawafunga mabaharia 10 waliobaki wakavutwa juu wote, kisha wimbi likamchukua yeye. Mwaka 2005 ndege nyingine ya wagonjwa ilitumbukia baharini karibu na Machrihanish, wakafa rubani na mhudumu. Twayataja haya ili asidhani mtu kwamba twadai pambo. Twadai kazi ambayo watu wameifia, na ambayo kwa sababu hiyo yataka mafunzo, matengenezo na nidhamu. Helikopta ya kupigia picha siku ya uzinduzi, kisha ikakaa bandani kwa kukosa kipuri, ni khasara tupu na ni kejeli kwa maiti wetu.

Na maiti wetu tunawajua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika bahari ya Nungwi. Tume ya uchunguzi ilisema meli hiyo ilipakia watu zaidi ya 2,000, kupita mno kiasi chake. Miili iliyoopolewa ilikuwa zaidi ya 200. Wasioonekana tena walihesabiwa kupita 1,000. Hapana mtaa wa Pemba usiokuwa na msiba. Waliookolewa wakiwa hai, zaidi ya 600, wengi wao waliokolewa kwa mashua za wavuvi na kwa boti za hoteli za Nungwi, watu ambao hawakuajiriwa kwa kazi hiyo ila waliitwa na ubinadamu. Kabla haujatimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, meli Skagit ikitoka Dar es Salaam na watu 290 ilipinduka karibu na Chumbe.

Je, helikopta moja ingaliwaokoa watu wa Spice Islander? Tuseme kweli: isingaliwaokoa wote, wala nusu yao. Dawa ya kwanza ya msiba ule ilikuwa ni kuizuia meli isipakie kupita kiasi. Lakini mtu aliyeshika godoro au jerikeni katika giza, mkondo unamchukua, humwonaje nahodha wa mashua? Chombo kilicho juu, chenye taa kubwa, humwona, humtupia mtumbwi wa mpira, na huwaelekeza wa chini. Uokozi wa baharini ni kazi ya wengi: wa juu huona, wa chini huchukua, wa pwani hupokea. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Basi chama chetu chadai nini? Twasema waziwazi, ili asiwepo wa kutusingizia.

Kwanza, iandikwe katika sheria kwamba kila mkaazi wa kila kisiwa ana haki ya kufikishwa hospitali inayoyaweza maradhi yake, na kwamba gharama ya kuvuka bahari haimhusu yeye. Asiulizwe mtu mafuta pale pwani.

Pili, kila kisiwa kidogo kinachokaliwa kiwe na boti ya wagonjwa iliyo tayari usiku na mchana, yenye paa, taa, redio na machela, na mabaharia wawili waliofundishwa huduma ya kwanza na wanaolipwa mshahara. Nahodha wa kujitolea ni mtu mwema, lakini wema haujazi tangi.

Tatu, iwepo nambari moja ya simu na kituo kimoja cha amri, ambapo mkunga akipiga hujibiwa na mganga, na mganga huamua hapo hapo: boti, gari, ndege au helikopta. Kisiwa kisichokuwa na mahali pa kutulia kisafishiwe uwanja, uwekewe alama na taa.

Nne, helikopta iwepo kwa mkataba unaojulikana, iwe ni ya Serikali, ya jeshi, au ya kampuni iliyokodiwa, mradi iwe imeahidiwa kabla ya msiba. Isiwe jambo la kuombwa kwa simu za wakubwa wakati watu wamo majini.

Tano, kila mwaka itangazwe hesabu: wangapi waliita, walingoja dakika ngapi, wangapi walifika hai, wangapi hawakufika. Serikali inayohesabu magunia ya karafuu haishindwi kuhesabu wagonjwa.

Anayesema kwamba hayo yote yapo tayari, sisi hatutabishana naye. Na atuonyeshe nambari, atuonyeshe boti, atuonyeshe hesabu. Tukiyaona tutamshukuru katika gazeti hili hili, kwa herufi kubwa.

Twajua majibu yatakayotolewa. La kwanza litakuwa ni fedha. Watasema kwamba helikopta ni ghali na watu wa kisiwa fulani ni wachache. Nasi twauliza: barabara za bara hujengwa kwa fedha ya nani? Mgonjwa wa kijiji cha bara hatakiwi kuichanga lami ndipo gari la wagonjwa lipite. Bahari ni barabara yetu, na hatukuichagua. Tena twasema kwamba vilivyo rahisi katika madai yetu ndivyo vitakavyookoa wengi: boti, redio, taa, damu iliyohifadhiwa hospitali, na mama kuwahishwa mapema. Mwenye kukataa helikopta kwa ughali wake, je, boti nayo ameikataa kwa nini?

Jibu la pili litakuwa la Katiba. Watasema kwamba afya si jambo la Muungano, ila usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na simu ni jambo la Muungano, na ulinzi ni jambo la Muungano. Basi mmoja atangoja barua ya mwenziwe. Kwa kweli hapo pana kazi ya kufanywa, na mahali pake ni mezani, baina ya serikali mbili, wakati wa amani na bahari imetulia. Mgonjwa hana khabari na jadweli ya Katiba. Damu yake haingoji muhuri.

Yako pia yanayotupasa sisi wenyewe. Kila tawi letu la pwani na liweke daftari. Kila mgonjwa anapovushwa, liandikwe: saa aliyoitwa nahodha, saa mashua ilipoondoka, saa ilipofika, hali ya maji na upepo, na matokeo. Jina la mgonjwa lisiandikwe. Heshima yake ni amana. Daftari la mwaka mmoja, lililoandikwa kwa ukweli bila ya kutia chumvi, litasema mbele ya Baraza la Wawakilishi kuliko hotuba mia. Kumbukeni kwamba hata kule Uskoti kilichowaamsha wakubwa mwaka 1912 kilikuwa ni ripoti, yaani khabari zilizokusanywa na kupangwa mpaka zikawa hazikanushiki. Na wenye afya miongoni mwetu wakatoe damu hospitalini, maana helikopta itamfikisha mgonjwa, lakini haitamtilia damu isiyokuwepo.

La mwisho twalisema kwa uzito. Chombo cha wagonjwa hakina kadi ya chama. Siku hiyo boti itakapokuja, akiingia ndani yake mtu wa chama kinachotawala, abebwe kama anavyobebwa wetu. Na akiingia wetu, asiulizwe alimpigia nani kura. Twalidai hilo kwa watawala leo, na twalidai kwa nafsi zetu siku tutakayopewa na wananchi dhamana ya kutawala. Asiyeliweza hilo asijiite mtetezi wa visiwa hivi.

Ndugu zetu, wazee wetu walivuka bahari hii kwa matanga na walijua kuisubiri. Kusubiri upepo ni busara ya baharia. Kusubiri haki ni jambo jengine, khasa kwa mama aliyelazwa pwani usiku huu naye ana saa mbili tu. Wahenga walikwisha sema: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwana wa visiwa hivi tumekwisha mkuta si wetu mara nyingi mno. Mkutano ujao wa tawi na uanze kwa daftari.